Mtaa Mzima Unajua Tunakwenda Makka, Kumbe Tunakwenda Moroko

Bi Ummi, assalaam alaykum. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza na najua nimestahiki, lakini kifua kimenijaa na sina wa kumwambia, mama yangu mzazi kashatangulia mbele ya haki, shoga zangu wote wamo ndani ya jambo lenyewe, na mume wangu ndiye tuliyelikoroga naye.

Mie ni mshoni, nashona sare za skuli na mabuibui hapa nyumbani, kaskazini ya Pemba, mtaa niache nisiutaje, na majina nitakayoyataja si yao. Mume wangu nimwite Mundhir, ni mwalimu wa jiografia. Ujanani alipata nafasi ya kusoma Moroko, akakaa mji wa Fez miaka minne, na tangu tuoane, miaka kumi na mmoja sasa, kila mvua ikishika hunihadithia baridi ya kule, jinsi vidole vinavyokufa ganzi asubuhi, supu ya dengu inayouzwa njiani, na mji mmoja wa juu milimani ambako theluji huanguka miezi hii ya Disemba na Januari. Aliniahidi atanipeleka. Mie nimefika Unguja na Dar es Salaam, basi, na sitokudanganya Bi Ummi, safari hii nimeitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu, nataka niishike theluji kwa mkono wangu, Mungu anisamehe. Mwaka huu karafuu zilizaa, tukakata shauri. Siku saba tu, tuondoke tarehe ishirini na nne skuli zikiwa zimefungwa, Fez, kisha huko milimani, kisha Casablanca kwa rafiki yake wa chuo, turudi, na watoto wetu watatu wabaki na bibi yao.

Bibi yao ndiye mamkwe wangu, nimwite Bi Jawaher, tunakaa naye nyumba moja. Tulikuwa hatujamwambia. Tuliona haya, utamwambiaje mzee kuwa unapanda ndege na mumeo kwenda kutembea tu, hamna mgonjwa, hamna harusi, hamna masomo? Kwetu mtu husafiri kwa sababu. Basi siku ile Mundhir katoka Wete na tiketi kazichapisha, kaziweka juu ya cherehani yangu, katoka tena, na wifi yangu, nimwite Suhaila, kaja kupima gauni lake, kaziona, kasoma mstari wa kwanza, Dar es Salaam hadi Jeddah, na hapo hakusoma tena. Kwani ndege yetu inapitia Jeddah, tunashuka tunangoja saa tisa nzima, ndipo tunapanda nyengine ya Casablanca. Lakini yeye kashapiga kigelegele hata kuku wakakimbia uwani, kashatoka mbio, "Mama! Mama! Kaka na mkewe wanakwenda Umra!" na mwezi wenyewe wa safari ndio Rajabu inaingia, watu hupenda kwenda Umra. Mamkwe katoka jikoni na mikono ya unga, kanikumbatia, kalia, kasema, "Alhamdulillahi mwanangu, Mungu kakuiteni," na mie mdomo niliufungua niseme, wallahi niliufungua, nikaufunga.

Mundhir aliporudi naye akakumbatiwa. Chumbani kanambia, "Kesho n'tamwambia." Kesho hiyo leo ni siku ya kumi na tisa.

Tangu hapo nyumba haipungui watu, huyu anataka aombewe mguu, huyu anataka mwanawe afaulu mtihani, na wote nawaambia inshaallah. Jirani yetu, nimwite Bi Mwanapili, mwanawe Himid kaenda Bara mwaka wa sita huu, simu haipokei, hajui yu hai au vipi. Kaniletea jina lake kwenye karatasi ya daftari, kaliandikisha kwa herufi kubwa, kanambia nikisimama mbele ya Kaaba nilitaje jina la mwanawe na lake yeye mamaye, na nisilitaje moyoni, nilitaje kwa sauti. Suhaila naye kaja kakaa kitandani kwangu, kanitaka radhi, kumbe miaka ile nilipochelewa kupata mtoto wa kwanza ni yeye aliyekuwa akimshika mama sikio kuwa kaka aozwe mke wa pili. Mie nilikuwa sijui kabisa! Nikamsamehe, nikalia, akalia, na huku nalia nafikiri, huyu siri yake kaitoa kwa ajili ya safari nisiyokwenda.

Tumenunua makoti mawili mazito kwenye mitumba ya Konde, na soksi za sufu, nimeyaficha chini ya kitanda. Mamkwe alipokuwa akifagia kayaona. "Kwani Makka kuna baridi kiasi hiki?" Nikamjibu papo hapo, "Ndani ya ndege, mama." Nilivyolijibu haraka, Bi Ummi, nikajiogopa mwenyewe. Na juzi kafungua kabati lake, katoa kanzu nyeupe na mtandio wake, vimo ndani ya mfuko wa nailoni, mikunjo ya dukani haijafunguka, kanipa, kasema, "Chukua uvae wewe. Bora vifike." Na Alkhamisi ijayo kaitisha khitma ya kutuaga, kaalika watu themanini, na shehe wa msikiti wetu atakuja kutuombea dua.

Sasa Mundhir kaja na rai yake. Anasema saa tisa za Jeddah si haba, tutoke uwanjani mbio, tukafanye umra, turudi tupande ndege yetu, na uongo utakuwa umegeuka kweli. Mie sijui. Nikisema, naogopa mamkwe ataumbuka mbele ya mtaa, na presha anayo. Nikinyamaza, nitarudi watu wanangoja Zamzam na tende, na Bi Mwanapili ataniuliza, "Ulilitaja kwa sauti?" Nitamjibu nini? Tuivunje safari? Tufuate rai ya Mundhir? Nguo za watu nazishona upande. Nisaidie, Bi Ummi, Alkhamisi hiyo inakuja.

Mimi Mwenye Makoti Chini ya Kitanda,
Pemba.

BI UMMI ANAJIBU

Wa alaykum salaam, mwanangu. Umeniomba nifike mwisho kabla sijakugombeza. Nimefika.

Kunyamaza siku ile ya kigelegele nakuelewa. Mtu kakukumbatia analia, ulimi ukagoma, hilo laweza kumpata yeyote. Lakini lile la koti si ulimi kugoma. Lile umelitunga, ukalitoa limekamilika, na mwenyewe ulijishtukia. Na mumeo, mtu mzima anayesimama mbele ya darasa kila siku, siku kumi na tisa anakwambia kesho! Nyote wawili mmenikera.

Nianze na safari yenyewe, maana ugonjwa umeanzia hapo. Mke kutembea na mumewe siku saba, baada ya miaka kumi na mmoja ya kuinama kwenye cherehani, kuna haramu gani? Kuna aibu gani? Nyinyi wenyewe ndio mlioiona ni ya kufichwa. Kama mngemwambia mama siku mliyokata shauri, angeguna, angesema karafuu zimekutieni wazimu, angekununieni siku mbili, na ya tatu angeuliza watoto watakula nini. Yangekwisha. Kwa hiyo msiivunje. Nenda Fez, nenda huko milimani, theluji ishike mpaka vidole vikuume, na uvae hilo koti bila ya kuona haya.

Rai ya Mundhir iacheni. Yeye ni mwalimu wa jiografia, ndiyo maana namshangaa zaidi. Mshuke, mpange foleni ya pasipoti, mtafute gari, mfike Makka, mtufu Kaaba mara saba, msai baina ya vile vilima viwili, mrudi, mpange foleni tena, na ndege haimngoji mtu. Mkiachwa huko mtampigia simu nani? Huyo huyo mama. Kama kisheria inafaa au haifai, muulizeni shehe wenu, mimi si shehe. Lakini hata akikwambieni inafaa, mtakuwa mnatufu huku mnatazama saa, kwa ajili ya kuwaziba watu midomo. Umra inakwendewa kwa niya hiyo?

Suhaila umemsamehe, na msamaha huo haukuhitaji ndege. Usimnyang'anye. Akijua ukweli atakasirika kuwa ulimsikiliza akijivua nguo na wewe umevaa. Mvumilie, naye ana la kwake la kuvumiliwa.

Kwa Bi Mwanapili nenda mwenyewe kwa miguu yako, usimtume mtu, na karatasi mrudishie mkononi. Yule si mtu wa kungoja tende. Yule kakukabidhi mwanawe. Atakasirika, na ana haki, usijitetee. Akishatulia, mwambie kuwa mumeo ana walimu wenzake huko Bara na ataanza kuulizia habari za Himid wiki hii, na kweli aanze, msimpe ahadi nyengine ya hewa. Khitma isomwe, chakula kisipotee, isomwe kwa kuwarehemu wazee wenu waliotangulia. Ila Mundhir amwendee shehe mapema amweleze, asimwache anyanyue mikono mbele ya watu themanini kuombea safari isiyokuwepo.

Sasa nije kwa mama, na hapa ndipo nilipokukasirikia kwelikweli. Barua yako ni kurasa nne. Umenambia mama kalia, mama anapika, mama kaalika, mama ana presha. Hukunambia hata mstari mmoja kama yeye mwenyewe kawahi kwenda Makka. Nimerudi nikaisoma tena nikidhani nimeruka. Mwanangu, mtu aliyekwishakwenda hana nguo nyeupe ndani ya nailoni na mikunjo ya dukani. Yule alinunua akawa anangoja, na miaka mingapi kangoja mlipaswa kujua nyinyi mnaokaa naye nyumba moja. Kisha kasikia mwanawe na mkewe wanamtangulia. Hakununa, hakuuliza "na mimi je?" Kaja na mikono ya unga kukukumbatia, kisha nguo zake mwenyewe kakupa wewe, kasema bora vifike. Neno hilo umelisikia, umeliandika kwa kalamu yako, na limekupita! Wewe unaogopa mtaa utasema nini. Mtaa utasema wiki mbili, utachoka. Mimi ninachokiogopa ni huyo mama.

Basi, Alkhamisi isikukute. Siku utakayosoma haya, baada ya alasiri, wapelekeni watoto kwa Suhaila. Hakikisha mama kameza dawa zake za presha, na usiifanye presha hiyo kuwa kisingizio cha kungoja tena, maana akiyasikia haya kwa jirani itapanda zaidi. Kaeni chini mbele yake nyote wawili. Mundhir ndiye aseme, mama ni wake. Aseme hivi: "Mama, hatwendi Umra. Tunakwenda Moroko kutembea. Tulikuona umefurahi, tukaogopa, tukanyamaza." Asitie "lakini" hapo. La koti sema wewe, kwa mdomo wako uliolitunga. Nguo zake ziwe mbele yake, zimekunjwa kama alivyokupa, na mseme hamkustahiki kuzipokea.

Mkishasema, nyamazeni. Akilia, msimbembeleze haraka ili nyinyi mpumue. Akikufukuzeni chumbani, tokeni, mswali magharibi, mrudi. Akisema mtaa ataukabili kwa uso gani, mwambieni hatoukabili yeye, mtaukabili nyinyi, nyumba kwa nyumba, kuanzia kesho yake asubuhi.

Na limebaki moja, la mwisho, na hili msilifanye siku hiyo. Ngojeni mpaka aanze tena kukuitieni chakula. Kabla hamjamwendea, kaeni wewe na mumeo mkubaliane kuwa jibu lolote atakalolitoa mtalitimiza, hata likila karafuu zote za mwakani na Moroko ikabaki kuwa hadithi yenu ya mara moja. Kisha mwanawe amuulize: "Mama, na wewe unataka kwenda lini?" Kama hamjakubaliana, msimuulize. Keshafurahishwa bure mara moja.