Muhuri Uliowekwa Karantini

Kaka yangu,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako, Kasuku wako, na kabla sijaanza kupiga domo naomba barua hii ikukute mzima, kifua kimetulia, na lile blanketi nililokuletea bado ni lako. Mimi sijambo, ila usingizi umenihama. Watoto hawajambo, wanakuulizia. Na wewe afande unayeifungua bahasha hii kabla ya mwenyewe, nakusalimu pia. Najua ni kazi yako wala sina kinyongo. Ninakuomba jambo moja tu: umpe leo, usiiache mezani, maana kesho kutwa anatoka, na yaliyomo humu lazima ayajue kabla hajatia mguu nje ya geti.

Kaka, umeona sijasema lolote kuhusu mama. Nitafika huko. Nivumilie nianzie pale ninapoweza kuanzia.

Najua umeninunia. Nilipokuja kukutembelea ulikataa kutoka, ukamtuma askari aniambie kwamba mtu mwenye dada karani wa mahakama hakustahili kuendelea kuozea ndani wakati jaji ameshamfutia kesi. Iliniuma sana, na sikukulaumu. Siku ile rufaa yako iliposhinda nilikimbia nyumbani viatu mkononi kumwambia mama kwamba unarudi. Macho yake yalikuwa hayaoni tena kabisa, lakini aliinuka mwenyewe kitandani, akapapasa ukuta mpaka chumbani kwako, akavuta shuka na kuinusa, akaniambia nifue upya kwa sababu inanuka sanduku. Alinigombeza asubuhi nzima kwa furaha. Nikajua mama yangu amerudi.

Sasa sikiliza kilichokuzuia. Wewe ulipoingia ndani, amri za kuachiwa watu zilikuwa karatasi. Baadaye kuna bwana mmoja alitoka humo gerezani kwa karatasi ya kughushi, muhuri umechongwa kwenye soli ya kandambili, akaaga na mkono juu, hajaonekana tena. Tangu hapo gereza halipokei karatasi, hata ikiletwa na jaji mwenyewe kwa magoti. Amri tunaiandika kwenye kompyuta, programu yetu inaigonga muhuri wake, inakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya huko kwenu. Tumeitumia programu hiyo miaka, haijatuangusha, na hakuna mtu ofisini aliyewahi kuitilia shaka.

Asubuhi ya kesho yake nilifika mapema kuliko mfagizi. Faili lako mimi siruhusiwi kuligusa kwa kuwa ni la ndugu yangu, ila nilitaka nimwone mwenzangu akiituma amri kwa macho yangu. Tulipowasha mashine, dirisha jekundu likajaa kioo kizima. Antivairasi, ile programu inayolinda kompyuta dhidi ya virusi, ilikuwa inasema imekamata kitu cha hatari na imekiweka karantini. Tukasoma jina la kitu chenyewe. Ni kile kipande cha programu kinachogonga muhuri! Chini yake vitufe viwili, cha kufuta na cha kuruhusu.

Zamani, kaka, tungebonyeza ruhusu hata bila kusoma, tukaendelea na umbea wetu. Maonyo ya namna hiyo yalikuwa yanakuja kila programu ikifanyiwa marekebisho, na tulikuwa tunayafukuza kama nzi. Lakini ofisi ya ardhi, hapo ghorofa ya chini, waliruhusu hivyo hivyo mwaka huu, na kulipokucha mafaili yao yote yalikuwa yamefungwa na watu wasiowajua. Karani aliyebonyeza kibarua chake kikaota nyasi, na kesi juu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Msajili wetu akatangaza kwamba kitufe kile hakiguswi na mtu ila fundi wa kompyuta, na fundi mwenyewe asikiguse mpaka waliotengeneza programu waandike kwamba ni salama.

Huyo fundi tunamwita Daktari, kwa sababu kompyuta ikikohoa tu anaitwa yeye. Ni mtu wa umri wako, mkimya, havui sweta hata jua liwake vipi. Alikipeleka kile kipande kwa wenye programu siku ile ile, nao wakajibu kwamba wamekipokea na zamu yetu itafika. Haikufika. Msajili alimpigia simu mkuu wa gereza, akaambiwa kila nyumba ina sheria zake. Nilimvaa Daktari mbele ya watu, nikamwambia maneno ambayo nikiyaandika hapa afande ataona haya. Alisubiri nimalize. Akaniambia kwamba ikiwa ile ni sumu kweli, itapita njia ile ile ya amri mpaka ndani ya kompyuta za gereza, na huko hakuna ajuaye nani ataachiwa asiyestahili na nani jina lake litafutika abaki ndani milele, pengine kaka yangu mwenyewe. Alisema kweli. Nilimchukia kwa sababu alisema kweli.

Basi nikawa nakaa dirishani pangu, wanakuja wake, wanakuja wazazi, wanauliza watu wao wako wapi, nami nawajibu mtambo una hitilafu, mtuvumilie. Jioni narudi nyumbani naulizwa swali lile lile na mama yangu, nampa jibu lile lile. Nilijaribu kumweleza habari ya antivairasi. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema kwamba kwa hiyo tumefuga mbwa wa kutulinda na sasa anamzuia mwenye nyumba kuingia. Nikacheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka naye. Hospitali walikuwa wameshatuambia tukae naye nyumbani tumtunze, na mwenye akili anajua maana yake.

Kaka, mama ametutoka. Keti kitako kama umesimama. Tumeshamzika, jirani zake wote walikuja, na nafasi yako mstari wa mbele niliiacha wazi, sikumruhusu mtu kusimama pale. Nisamehe kwa kukuambia kwa karatasi. Niliomba nikuone, nikaambiwa umekataa tena kutoka.

Siku chache baada ya mazishi jibu likaja. Kipande kile kilikuwa safi tangu mwanzo. Wenye programu walikuwa wameacha cheti chao kiishe muda, basi, na antivairasi ikiona kitu kisicho na cheti halali inakikamata kama mwizi. Daktari akabonyeza ruhusu. Dirisha jekundu likatoweka, amri zote zikaondoka kwa pamoja, yako ikiwemo, na gereza wakatupa siku yako ya kutoka. Kubonyeza kwenyewe ni kama kupepesa jicho. Watu ofisini walishangilia, mimi nikaenda chooni nikalia mpaka nikatapika.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike, maana kifo ungekisikia hata kwa wengine.

Jumapili, siku moja kabla mama hajafa, Daktari alikuja nyumbani. Hakuwa na habari yoyote, alikuja kuniomba radhi tu. Alipiga hodi mlangoni, na mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametamka neno, akaisikia ile sauti ya kiume. Akauliza, umekuja, baba? Unajua alivyokuwa anakuita. Daktari naye, kwa adabu tu, kama mtu yeyote anavyomjibu mama wa mwenzake, akaitikia kwamba amekuja, mama. Mama akanyoosha mikono. Akamshika uso, akampapasa mabega juu ya lile sweta, akasema wamekukondesha, mwanangu.

Daktari alinitazama. Kaka, nilikuwa na nafasi ya kusema kitu. Ningesema, mama, huyu ni mtu wa ofisini kwetu. Mdomo wangu huu, ambao wewe mwenyewe unasema haujawahi kufungwa, ulifungwa. Nikatikisa kichwa kumwambia ndiyo, endelea. Akapiga magoti pembeni ya kitanda. Mtu ambaye hakukubali kuruhusu kitu kimoja bila uthibitisho alikubali kuwa wewe.

Mama akanifukuza chumbani, eti ana maneno na mwanawe na mimi nina masikio marefu. Walikaa humo muda mrefu. Daktari alipotoka sweta limelowa kifuani, akapita mbele yangu bila kuaga. Jioni mama akamwambia jirani kwamba umerudi, na kwamba sasa hana deni na dunia. Alifariki alfajiri akiwa ametulia, hakuhangaika hata kidogo.

Kwa hiyo ukifika mtaani watakuwepo watakaokuuliza ulikujaje kumwona mama ukaondoka bila kumzika. Wameshaanza kukusema. Usigombane nao, niachie mimi, nitawaambia. Ilikuwa ni uongo wangu na nitaubeba mwenyewe.

Lakini yale maneno sinayo. Nimembembeleza Daktari, nimemtukana tena, amekataa katakata. Anasema hayakuwa yake wala si yangu, aliyapokea kwa niaba ya mwenyewe, na atayatoa kwa mwenyewe neno kwa neno kabla hajasahau hata moja. Ameacha hata kusikiliza redio nyumbani kwake asije akayachanganya. Kesho kutwa atasimama nami hapo getini. Utamjua kwa sweta. Ukitaka kumpiga, mpige baadaye, mimi mwenyewe nitakushikia koti. Kwanza msikilize, maana mama yako yumo humo.

Watoto wanakusalimu, jirani wa mkono wa kulia anakusalimu, shuka nimefua upya. Afande, nawe asante kwa kuvumilia mwandiko wangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kasuku