Kipande Nilichosahau Kukitaja

Mwanza

Mama yangu mpenzi,

Mugonile, Mama. Natumaini goti limepunguza kuuma, na mvua ya huko imewaachia walau siku moja ya kuanika maharage. Mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haujatulia, maana nina aibu ambayo sina pa kuificha.

Kaka ameniambia mkewe, Atupele, amerudi kwao Masoko. Amechoka kusemwa kwamba siku mliyomzika Bibi alimaliza bando kwa mambo yake, ndiyo maana Shangazi kule Kanada hakuona hata jeneza la mama yake. Mama, Atupele hakukosa kitu. Ni mimi.

Unakumbuka nilinyimwa ruhusa kazini, nikajigamba kwamba nitarusha mazishi kwenye mtandao. Niliandaa seva, yaani kompyuta ya kupokea video kutoka simu ya Atupele na kuwagawia ndugu walio mbali. Tuliijaribu siku moja kabla, Shangazi akakuona unachambua mchele, akacheka. Ningeishia hapo. Asubuhi ya mazishi kiherehere kikanishika, nikataka kuiongezea programu ya seva kipande kingine cha kupunguza ukubwa wa picha za Bibi, zifunguke upesi hata kwa wenye simu duni. Sasa programu ile, ukitaka kuiongezea kitu, unaijenga upya na kutaja vipande vyote kwa pamoja, cha zamani na kipya. Mimi nikataja kipya tu. Kwetu ukiongeza ndizi chunguni nyama haipotei, nami nikadhani ni hivyo hivyo. Kile cha kurusha video kikaachwa nje, seva ikagoma kuwaka. Nilipogundua kosa mlikuwa mmeshafukia kaburi.

Kabla ya hapo Shangazi alinipigia akilia. Akauliza, "Mwanangu, mbona sioni kitu?"

Nikamjibu, "Labda bando la Atupele limeisha."

Nilisema hivyo, Mama, nikaliacha neno litembee. Kaka anasema saa hiyo mkewe alikuwa amesimama mvuani, simu kaifunika kwa jani la mgomba, mwenyewe analowa. Ndiye yule ninayemtania kila Krismasi kwamba anaogopa mvua kuliko paka.

Shangazi nimeshamwambia ukweli. Akauliza kama Atupele anajua. Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu, ili Kaka aibebe barua hii hadi Masoko na kuisoma mbele ya wakwe zake, hasa pale niliposema uongo. Likizo nikipata nitakuja kumwomba radhi kwa mdomo wangu.

Siku zote humalizia salamu kwa "na wengine wote". Leo nawataja. Nisalimie Baba. Nisalimie Baba Mdogo wa Kinyala, aliyekuwa wa kwanza kumsema Atupele, naye asomewe barua hii. Nisalimie wadogo zangu mapacha, na Kaka, ambaye sijui nitamtazama vipi usoni.

Na Atupele, binti yako. Ukizitoa salamu hizi, umtaje yeye kwanza.

Mwanao,
Ambakisye