Jina Nililojaza

Jumatatu, 5 Septemba 1955

Nimeandika majibu tangu asubuhi. Maswali saba safari hii. Mkono umekufa ganzi.

Bwana Shauri, mzungu aliye mkuu wetu wa wilaya, anataka baraza la Chifu lifanye kazi kama bunge la kwao. Wajumbe waandike maswali, karani ayapokee, kisha anayehusika asimame na kujibu mbele ya watu wote. Kwa mambo ya majirani, anayehusika ni mimi. Chifu alinipa kazi hiyo nilipostaafu ualimu. Tangu vijana waanze kusikiliza redio dukani, wananiita Waziri wa Nje. Leo hapa Ilomba fundi baiskeli kaniamkia, "Shikamoo, Waziri wa Nje! Mataifa hawajambo?" Nikamwambia hawajambo, ila lile la bondeni bado limenuna. Akacheka sana. Mimi sikuweza.

Jambo lenyewe ni maji. Sisi wa milimani na wao wa bondeni tunatumia mto mmoja na mfereji mmoja. Mahali mto unapozuiwa kwa mawe na magogo ili maji yaingie mferejini panaitwa banio. Anayeshika banio ndiye anayekula. Mwaka jana, asubuhi moja ya ukungu, vijana wa pande mbili walikutana pale. Mkuki ulirushwa. Elia, mdogo wake mjumbe wetu Mwasenga, akafa palepale. Aliyerusha hakujulikana. Tangu siku hiyo banio linalindwa kwa mapanga kutoka kila upande, na maji yanapotea bure.

Mvua bado miezi mitatu. Nisipopata suluhu kabla ya hapo, atakufa mwingine.

Jumatano, 14 Septemba

Iringa. Vumbi hadi kwenye meno. Basi liliharibika njiani, tukalala humo.

Nimefikia mtaa wa Mlandege kwa Bwana Athumani, mwuza vitambaa. Babu yake alitoka pwani. Yeye amezaliwa hapa, na Kihehe anakisema kuliko mimi. Hii ni mara ya tatu anatupa chumba chake cha nyuma, mimi na Mzee Mgaya, msemaji wa watu wa bondeni. Tumechagua Iringa kwa sababu si kwao wala si kwetu. Tena Mgaya nilisoma naye huku, darasa moja. Alikuwa ananishinda hesabu.

Kwa desturi ya pande zote mbili, suluhu huzungumzwa na vinywa viwili tu, wala haiandikwi hadi imekwisha. Siku ya kwanza kabisa Mgaya aliniambia, "Mwalimu, kalamu weka mfukoni." Nikaiweka. Iliniuma kama kuvuliwa viatu mbele ya watu. Haya ninayoandika hapa hayasomwi na mtu.

Alhamisi, 15 Septemba

Leo Mgaya hakugusa kahawa. Alitazama mlango, kisha akasema aliyerusha mkuki ni mwanawe.

Kijana mwenyewe amemwambia. Alirusha kwenye ukungu bila kuona mtu. Hajala vizuri tangu siku ile.

Mgaya anataka hivi. Kwanza awaambie wazee wake mwenyewe, polepole, mmoja mmoja. Kisha, kabla ya mvua, amlete kijana banioni. Kijana anyooshe mikono, na Mwasenga, aliye ndugu wa marehemu, aioshe kwa maji ya mfereji. Pande zote zishiriki chakula cha chungu kimoja. Baada ya hapo tulijenge banio pamoja, siku tatu maji yetu, siku tatu yao, Jumapili yaende mtoni.

Hakuna suluhu nyingine. Nimelipindua jambo hili kila upande, na hii inatosha kabisa.

"Nimekupa mwanangu, ndugu yangu," akasema. "Umshike vizuri."

Jina la kijana nalijua. Hata hapa siliandiki.

Jumatatu, 26 Septemba

Nimerudi Ilomba. Mke wangu, Mama Atupele, anasema nimekonda, ila uso una nuru. Ni kweli, nina tumaini. Ni kitu cha kuogopesha katika umri huu.

Maswali ya Jumatano yamefika. La nne ni la Mwasenga: "Je, mjumbe anaweza kulieleza baraza ni nani aliyemuua Elia?" Nimeandika jibu: Mazungumzo yanaendelea. Maneno mawili. Inatosha.

Jumatano, 28 Septemba

Baraza lilijaa hadi nje. Bwana Shauri hakuja. Karani wake aliandika kila kitu.

Swali la nne. Nikasoma maneno yangu mawili. Mwasenga hakuketi.

"Umekwenda Iringa mara tatu," akasema. "Umeturudishia nini? Nasikia pilau ya Mlandege ni tamu."

Watu wakacheka. Nikasema tena kwamba mazungumzo yanaendelea. Basi hapo akaniangalia, bila hasira sasa, akasema, "Hilo ni jibu la Waziri. Nipe jibu la Mwalimu. Ulinifundisha kusoma, mimi na Elia, benchi moja."

Nikaeleza.

Ningeweza kunyamaza. Lakini miaka thelathini nimesimama mbele ya macho yanayouliza, na sijawahi kuyaacha yakiuliza. Nilisema aliyefanya ni kijana wa bondeni, amemwungamia baba yake, na baba huyo ndiye mzee ninayezungumza naye. Nikaeleza ukungu. Nikaeleza kuosha mikono, na kwa nini babu zetu waliona kuwa mikono iliyooshwa na mfiwa haishiki mkuki tena. Jina sikulitaja. Mwasenga akaketi, akajifunika uso. Kisha watu wakapiga makofi.

Niliketi nikiwa na furaha. Naandika hivyo ili nisije nikajidanganya baadaye. Furaha.

Alhamisi, 29 Septemba

Baridi. Nimepanda vitunguu. Karani kaleta rasimu ya kumbukumbu za baraza wakati wa chai. Kazi yake ni chafu, mistari inapanda na kushuka. Nimesahihisha, nimejaza palipokuwa wazi, nimetia saini. Kondoo wa jirani wameingia tena kwenye maharage.

Jumamosi, 8 Oktoba

Askari wamemchukua mwana wa Mgaya jana, shambani kwao. Ametajwa kwa jina.

Nilikwenda mjini Mbeya kwa miguu. Nikamwuliza karani jina limetoka wapi. Akanifungulia jalada.

"Mjumbe alieleza kuwa kijana," kisha nafasi, "mwana wa mzee anayezungumza naye, ameungama." Karani alidhani nililitaja jina naye hakulisikia, ndiyo maana aliacha nafasi. Na ndani ya nafasi hiyo, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: Danieli Mgaya.

Sasa naweza kuliandika hapa. Limeshaandikwa kwingine.

Nitajieleza, ingawa maelezo hayaniokoi. Nimefundisha watoto miaka thelathini wasiache nafasi wazi. Nafasi wazi ni kosa, nilikuwa naipigia mstari mwekundu. Siku ile akili ilikuwa kwenye makofi, na mkono ukafanya kazi yake peke yake. Kikombe kilikuwa kushoto, kalamu kulia. Sikuhisi kitu.

Nakala ya kumbukumbu hupelekwa kwa Bwana Shauri. Nilijua. Sote tunajua.

Jumatano, 12 Oktoba

Mlandege. Nilidhani Mgaya hatakuja. Alikuja.

Bwana Athumani alileta kahawa, akatoka, akafunga mlango wa duka mchana kweupe. Mgaya hakuketi.

"Uliliandika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikaanza kueleza. Nikafika kwenye nafasi iliyoachwa na karani. Akainua mkono.

"Basi, Mwalimu. Basi."

Akavaa kofia yake, akaondoka. Wazee wake wamemwondoa katika kazi ya usemaji. Hilo nimeambiwa na Athumani. Wanasema alimuuza mtoto wake kwa watu wa milimani. Tangu sasa bondeni hakuna wa kuzungumza naye. Nilikunywa vikombe vyote viwili, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono.

Jumatatu, 17 Oktoba

Kwa Bwana Shauri. Si mtu mbaya. Alinipa kiti. Anasema kuua ni kesi ya serikali, haimhusu Chifu, wala baraza, wala mimi. Anasema desturi ya kuosha mikono ni nzuri, na inaweza kufanyika baadaye. Nikamwuliza baada ya nini. Alitazama dirishani.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mwasenga kakaa kwenye ngazi. Nilidhani amekuja kunishukuru, nikajiandaa kulivumilia hilo. Hakuja kushukuru.

"Mimi niliuliza," akasema. "Sikuomba kamba ya kunyongea. Nilitaka aje alie mlangoni pangu, nimwone anavyolia. Sasa nitamwona wapi?"

 

Jumatatu, 21 Novemba

Kesho mahakamani. Nimeitwa shahidi.

Mama Atupele aliweka chini ungo wake, akasema, "Baba Atupele, sema ulikosea jina." Yeye ni mzee wa kanisa. Katika maisha yetu yote hajawahi kuniambia niseme uongo.

Nimekubali. Nitashika Biblia na kusema nilikosea jina. Nimelifanyia mazoezi neno hilo bustanini, kati ya vitunguu.

Jumanne, 22 Novemba

Sikuhitajika.

Walisoma kumbukumbu, wakaonyesha saini. Kisha hakimu akamgeukia kijana. Nilikuwa sijawahi kumwona. Masikio ya Mgaya, mabega ya Mgaya. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejibu darasani, "Ni mimi. Nilirusha kwenye ukungu. Baba amesema nisidanganye."

Mgaya alikuwa benchi la nyuma. Nilikuwa na uongo wangu tayari mdomoni, nao ukabaki hapo, hauna kazi. Kesi imepelekwa kwa Jaji.

Jumapili, 11 Desemba

Mvua. Imekuja yote kwa pamoja. Banio limesombwa, mawe na magogo, na wale walinzi wa mapanga wamerudi makwao kwa kuwa hakuna cha kulinda. Maji kila mahali. Hakuna anayeyahitaji.

Mwezi wa sita yatapungua, na watarudi pale.

Sikwenda kanisani.

Jumatano, 8 Februari 1956

Jaji amemaliza. Kunyongwa.

Rufaa itapelekwa. Watu wa bondeni waliokuwepo hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Walinitazama mmoja mmoja wakitoka, kama wanaonikariri. Mwasenga alimfuata Mgaya hadi chini ya ngazi za mahakama, akamnyooshea mikono miwili kama mtu anayeomba kuoshwa. Mgaya akaiangalia kwa muda mrefu. Akapita.

Jumatatu, 20 Februari

Nimemwomba Chifu aniondoe. Kakataa. Anasema hana mtu mwingine aliyesoma kama mimi.

Jumatano, 22 Februari

Asubuhi tulivu. Mahindi yamepita kichwa changu.

Karani kaleta maswali ya mwezi huu. Liko moja tu kwangu, la Mwasenga: "Je, mjumbe anaweza kulieleza baraza mazungumzo na majirani yamefikia wapi?" Chini yake pameachwa mistari mitano ya jibu. Karani anajifunza; safari hii mistari imenyooka.

Nilikaa na karatasi mezani hadi chai ikapoa. Nilichovya kalamu mara mbili, nikaifuta mara mbili. Kisha nikatia saini chini kabisa, nikaiacha karatasi ikauke.

Mama Atupele alikuja kuchukua kikombe, akachungulia.

"Hujamaliza. Pako wazi."

Nikamwambia nimemaliza.