Kichwa Kilichomuuma Moraa Kazini

Nyanchwa, Kisii

Kaka yangu Athmani,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Kabla sijasema langu, niambie goti la Mama linaendeleaje, na kama yule tabibu wa Ngomeni bado anakuja kumchua. Je, shemeji amepona kikohozi? Na duka, umeme umetulia au bado unakuunguzia redio za watu?

Mimi ni mzima. Naliandika hilo mapema kwa sababu najua habari zangu zilifika Malindi zikiwa vipandevipande. Binamu yetu Zuhura alinipigia simu nikiwa barabarani, mtandao ukakatika katikati ya maneno, akabaki na "gesi" na "sumu" na "hospitali", akaenda nayo moja kwa moja mpaka barazani kwa Mama. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba Mama halali, anasema nirudi nyumbani hata kama ni kuuza viazi vya karai. Basi nimeona nikae chini niandike yote tangu mwanzo. Msomee kwa sauti, na usiruke kitu, hata pale pa kutisha, kwa sababu mwisho wake ni mzuri.

Kwanza maisha ya hapa. Nimeshapazoea. Mvua hunyesha karibu kila alasiri, na baridi yake huingia mpaka ndani ya mifupa, ila nilipata sweta nzito ya mtumba soko la Daraja Mbili, imefika magotini. Ndizi za huku ni nyingi hata watu hukupa bila kuuliza. Bado nimepanga chumba kwa Mama Bosibori, mjane Msabato mwenye sauti ndogo na mkono mpana. Wiki ya kwanza nilimsikia binti yake akiita "Baba" kule jikoni, nikajifunika vizuri nikidhani kuna mwanamume ndani ya nyumba. Kumbe kwa Ekegusii, lugha ya huku, "baba" ndiye mama. Niliwachekesha sana. Jumamosi yao ni ya kanisani, hata ufagio haushikwi. Ijumaa mimi hushuka msikitini mjini. Mama Bosibori husema nyumba yake ina siku mbili za kupumzika na bado chai haiishi.

Kazi ni ileile niliyokueleza, kutengeneza boila za gesi za kuchemshia maji, kwenye mahoteli, shule za bweni na hospitali ndogondogo. Multimita, ile mita ya kupimia umeme uliyonifundishia dukani kwako, wakati ule nikikaa chini ya meza yako ya redio, ndiyo ninayoshinda nayo. Hata sasa siigusi boila kabla sijagusanisha ncha zake mbili na kusikia mlio, kama ulivyonizoesha, ili nijue kwamba mita yenyewe ni nzima.

Sasa hii ndiyo habari yenyewe.

Upande wa Nyamira, katikati ya mashamba ya chai, kuna hospitali ndogo ya masista. Wana boila moja katika chumba cha kufulia. Ndiyo inayopeleka maji ya moto kwenye wodi ya kina mama wanaojifungua, na ndiyo inayofulia mashuka. Walituita kwa sababu ilikuwa inazimika ovyo. Wakiiwasha inawaka, baada ya muda inakufa. Bosi akanituma mimi.

Aliyenipokea ni Sista Felista, msimamizi, mtu wa makamo anayetembea haraka. Akaniambia, "Mwanangu, tupatie tu maji. Wamama wanaogesha watoto na maji ya sufuria, na kuni nazo zimenyeshewa."

Chumbani nikawakuta wanawake wawili. Mmoja ni Kwamboka, mtu mzima, amefanya kazi pale tangu boila haijaja. Wa pili ni Moraa, binti wa Kiogoro aliyeolewa upande huo, mwembamba, mimba yake imeshakuwa kubwa. Alikuwa anakunja mashuka huku amekaa, na Kwamboka alikuwa akimwangalia kwa jicho ambalo si la ubaya, ila limechoka.

Nikaifungua boila. Kaka, wewe unajua redio, kwa hiyo nitakueleza kwa njia yako. Ndani yake kuna moto mdogo unaokaa umewaka daima, na ndani ya moto huo kumechomekwa kijiti cha chuma kinaitwa themokapo. Kijiti kikipata joto kinazalisha umeme, kidogo mno, wa milivolti tu, na umeme huo ndio unaoshikilia vali ya gesi isijifunge. Moto ukizimika, kijiti kinapoa, vali inajifunga, gesi haimwagiki. Kwa hiyo boila inayozimika ovyo, kitu cha kwanza kushuku ni kijiti hicho.

Nikaweka mita. Ikasoma zaidi ya milivolti ishirini, na haikuyumba. Kijiti kizima kabisa. Nikaipima koili ya vali, nayo nzima. Nikakaa nikaitazama boila inawaka vizuri, moto wake wa buluu, nikaanza kujiona mjinga. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa nimeuegemeza kwa ndoo ili nipate mwanga.

Mvua ikaja, ile ya upepo. Kwamboka akaondoa ndoo akafunga mlango, akasema, "Hii baridi itaua huyu mtoto wa watu na mimba yake." Madirisha yalikuwa tayari yamefungwa. Nami nikaendelea kuangalia mita, mkono mmoja ukipekua mkoba wa vifaa.

Baada ya kitambo nikaona namba inashuka. Ishirini. Kumi na nane. Ikakaa hapo, ikashuka tena. Nikainama kuangalia moto mdogo. Ulikuwa umebadilika. Haukuwa umesimama, ulikuwa unayumba na kuinuka, kama unaotafuta kitu, na ulikuwa hauufikii kijiti vizuri.

Nyuma yangu Moraa akasema, polepole, "Kichwa imeanza tena."

Kwamboka akamjibu, "Ni mimba. Na mimi yangu ilikuwa hivyo."

"Si mimba," Moraa akasema. "Jumamosi nikienda kanisa sisikii kitu. Nikikaa nyumbani sisikii kitu. Ni hapa tu."

"Ndiyo sasa unaona," Kwamboka akanigeukia. "Hapa ndio kuna kazi."

Kaka, nilimtazama Moraa. Mashavu yake yalikuwa mekundu kwa ndani, na macho mazito kama ya mtu aliyeamshwa. Nikatazama moto unaoyumba. Halafu nikagundua kwamba hata mimi kichwa kilikuwa kimeanza kubana juu ya macho, na nilikuwa nimedhani ni njaa.

Moto ule haukuwa mbovu. Ulikuwa unakosa hewa safi. Moshi wa boila, badala ya kupanda ndani ya dohani, lile bomba la moshi, na kutoka nje, ulikuwa unarudi chumbani, na gesi ikiungua bila hewa ya kutosha inatoa ile sumu isiyo na harufu wala rangi. Inampumbaza mtu taratibu huku akidhani ni uchovu. Kwa mwenye mimba, inamfikia na mtoto.

Nikafunga gesi. Nikaupiga mlango teke ukafunguka, nikamshika Moraa mkono, nikamwambia Kwamboka, "Mama, toka nje, sasa hivi." Akaanza kusema habari ya mvua, kisha akaniona uso, akatoka. Tukasimama chini ya ukingo wa paa, tumelowa, Moraa ameniegemea. Alitapika kidogo. Kwamboka akamfunga kichwa kwa khanga yake mwenyewe na hakusema tena neno la kazi.

Sista Felista alikuja mbio. Nilimweleza kwa maneno machache. Sikutegemea, lakini hakuniuliza mara mbili. Alimwita daktari wa zamu, wakatupeleka sote watatu ndani. Hapo ndipo neno "hospitali" lilipotoka, Mama. Niliwekewa kifuniko cha hewa puani na mdomoni, nikapumua, kichwa kikafunguka, nikaondolewa. Kwamboka hivyohivyo. Moraa ndiye waliyekaa naye.

Daktari alimwekea kipimo tumboni kusikiliza mtoto. Akasogeza upande huu, kimya. Akasogeza upande ule, kimya. Moraa hakulia, alikuwa anaangalia dari tu, na vidole vyake vilikuwa vimeshika pindo la sweta yangu. Mimi nilisoma kila dua niliyoijua na zile nilizozisahau nusu. Kisha sauti ikaja, ya haraka, kama mtu anakimbia kwenye majani makavu. Daktari akasema, "Huyu hapa. Yuko." Kwamboka akageukia ukuta akafuta macho yake kwa mkono.

Mvua ilipokatika nilirudi kwenye boila, milango na madirisha yote wazi, umeme umezimwa. Nikafuata nyaya moja baada ya nyingine. Juu, pale moshi unapoingia dohani, huwa kuna swichi ndogo ya usalama. Moshi ukirudi chini inapata joto, inakata mkondo wa kijiti, boila inazimika. Nyaya zake mbili zilikuwa zimechomolewa, zikasokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe mweusi. Swichi ilikuwa imekaa pale bila kazi. Nikaweka ncha za mita juu yake, ikalia vizuri. Nikaipasha joto kwa kiberiti, mlio ukakatika. Nzima kabisa. Ilikuwa inafanya kazi yake, mtu akainyamazisha.

Nikamuuliza Sista dohani inatokea wapi. Tukatoka nje kuangalia juu, na hakuna kitu. Paa la chumba kile lilikuwa limeezekwa mabati mapya kabla ya Krismasi, na waezekaji walipofika kwenye dohani waliikata, wakapitisha bati juu yake. Sista akashika kichwa. Akakumbuka sasa kwamba boila ilianza kuzimika baada ya paa lile, fundi fulani aliyekuwa anapita akaitengeneza upesi, ikakaa vizuri siku chache, halafu ikaanza tena kuzimika, na Moraa akaanza kuumwa kichwa.

"Nilikuwa nimeshamwambia mwezi huu ukiisha apumzike, asirudi," akasema. "Nilidhani amechoka na kazi." Akatazama upande wa wodi. "Sasa maji je? Haiwezi kwenda hata mpaka kesho, mlango ukiwa wazi?"

Nikamwambia, "Sista, hapana. Siwashi." Haikuwa rahisi kumwambia hivyo, maana ni mtu mkubwa na ana wodi nzima ya watoto wachanga. Lakini aliitikia kwa kichwa, akakunja mikono ya joho lake, akaenda mwenyewe kupanga masufuria nje. Mimi na Kwamboka tukapasua kuni. Jioni hiyo watoto wote waliogeshwa kwa maji yenye harufu ya moshi, na hakuna aliyelalamika.

Waezekaji waliitwa, wakaja wakiwa wanyonge, wakatoboa bati. Mimi na mwenzangu wa kazini tukainua dohani mpya hadi juu ya kigongo cha paa, tukatoboa ukuta matundu ya hewa chini na juu. Nikarudisha nyaya za swichi mahali pake. Halafu nikaiwasha, nikafunga mlango kwa makusudi, nikakaa nje nikichungulia dirishani mita niliyoiacha ndani. Namba haikusogea. Nilikaa mpaka chai niliyoletewa ikapoa. Haikusogea.

Hiyo ndiyo "gesi" aliyoisikia Zuhura.

Mama, najua utasema umeona sasa, ni kazi ya hatari. Ni kweli. Lakini nilipokuwa nimekaa nje ya dirisha lile sikuwaza hata kidogo kwamba ningekuwa mahali pengine. Nitakuja Idd, inshallah, nikae mpaka unichoke, halafu nitarudi huku. Usinikasirikie. Kaka, kama ana uso ule wake, msubiri amalize chai ndipo uendelee.

Juzi Sista alinipigia kwamba Moraa amejifungua, msichana. Nilipanda asubuhi na mkungu wa ndizi, ingawa kupeleka ndizi Nyamira ni kazi bure. Niliwakuta wodini. Moraa amelala, amechoka vizuri, na Kwamboka ndiye aliyekuwa anamwogesha mtoto, amejipa kazi hiyo bila kuulizwa na mtu. Alifungua bomba, maji yakatoka na mvuke mwembamba. Akaingiza kiwiko kupima, akaongeza ya baridi, akanishika mkono wangu na kuutumbukiza ndani ya beseni.

"Sikia," akasema. "Ni sawa?"

Nikamwambia ni sawa. Akamteremsha mtoto taratibu, na yule mtoto, aliyekuwa analia, akanyamaza.

Nisalimie shemeji na wanao wote. Msalimie jirani yetu Bi Mwanaisha wa mahamri, mwalimu wangu wa chuoni, na yule mzee anayekuletea redio ileile kila mwezi. Zuhura mwambie nampenda, ila siku nyingine asubiri simu irudi. Ukipata mtu anayekuja huku, mpe bizari ya Mama na kipande cha papa mkavu. Mama Bosibori ameahidi kuonja, na ameahidi pia kutokasirika.

Mungu awaweke, na anikutanishe nanyi salama.

Mdogo wako,
Salma