Shamba Tulilomnunulia Tausi

Mtaa wa Likoma, Kariakoo,
Dar es Salaam.
18 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Bryson,

Natumaini barua hii inakukuta umetoka kazini, umeoga na umekula. Kama hujala, kula kwanza. Kifua chako kimepona? Ulipopiga simu siku ya Pasaka ulikuwa unakohoa, ukasema ni vumbi la nyasi kavu za farasi. Mama hajakisahau kikohozi kile. Kila akisikia habari za joto la Muscat hufungua dirisha, kana kwamba hewa itakufikia.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Mama anasumbuliwa na magoti, hashuki ngazi ila Jumapili kwenda ibadani. Kaka Godbless yuko dukani na ndoo zake na mabeseni, ingawa biashara imelala kwa sababu ya mvua. Masika ya mwaka huu yamekuwa mazito. Mto Msimbazi umejaa na barabara ya Jangwani imefungwa zaidi ya mara moja.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Ni Mama aliyekataa. Alisema, "Habari ya namna hii haipigiwi mtu simu akiwa peke yake katikati ya farasi wa watu." Ndiyo maana nimempa barua Sophia, binti wa jirani yetu wa chini, anayerudi huko kazini baada ya likizo yake. Nimemwomba asikuachie bahasha na kuondoka. Akae mpaka umalize kusoma.

Bryson, Tausi amekufa. Alikufa Jumapili, tarehe 27 Aprili, asubuhi, kule shambani Kisarawe. Farasi mwenzake, Kamanda, yu hai.

Najua utataka kujua ilikuwaje, na mimi sitaki usikie vipande vipande kutoka kwa watu. Nimeweka shajara yangu pembeni ili nisichanganye siku. Naanzia pale tuliponunua shamba, maana chanzo kiko huko.

Ule ujumbe wako wa sauti, wa kutueleza mwenye farasi anatafuta nini akinunua shamba, Godbless aliusikiliza wote mbele yangu, kisha akaurudia. Hakuupuuza, nataka ulijue hilo. Ulisema maji safi yawe karibu, uzio usiwe wa seng'enge, lori liweze kufika na kugeuza, daktari wa mifugo asiwe mbali. Lakini kwanza kabisa ulisema ardhi iwe ya kukauka mara mvua ikikatika.

Tulikwenda Septemba. Kuanzia Pugu kote kulikuwa kumekauka, vumbi tupu, halafu tukafika kwenye kile kipande kando ya barabara. Kilikuwa kijani kitupu. Wewe unatujua. Sisi tuliokulia Machame tukiona kijani wakati wa kiangazi hatuulizi swali. Kwetu kijani maana yake mfereji unapita, migomba imestawi, ng'ombe ameshiba. Godbless alikanyaga chini kwa kisigino, akakuta pakavu. Akaniambia, "Nice, ona majani haya. Tausi atanenepa mpaka bwana harusi ateleze." Nilicheka. Akazunguka kona akiitazama kama anavyotazama fremu ya duka, inaonekana kutoka wapi, gari litaegesha wapi.

Juu ya kilima kidogo nyuma ya shamba kulikuwa na mama anapalilia muhogo. Alitupungia mkono. Nilitaka kwenda kumsalimia, Godbless akanishika kiwiko. "Usiulize mtu hapa. Ukiuliza, jioni bei imepanda." Ndivyo tunavyonunua Kariakoo, bidhaa ukiitaka huonyeshi kwamba unaitaka. Tukapita kimya. Aliyetuuzia naye alikuwa mtu wa mjini, na hatukumuuliza maji ya mvua huelekea wapi.

Vuli ilikuwa hafifu, haikutufundisha kitu. Februari mwenye uwanja wa Kigamboni walikokuwa farasi akaanza kujenga, tukawahamisha farasi na kumweka Beno, yule kijana wa Kigamboni, awatunze. Mwezi mzima walikula vizuri. Mwishoni mwa Machi masika yakaanza, na yale maji, mdogo wangu, hayakupita. Yalitoka chini ya majani yakakaa.

Siku chache baada ya Pasaka yule mama wa muhogo akashuka, kanga kaifunga magotini. Anaitwa Siti. Akasimama akiwatazama farasi, kisha akatutazama sisi. "Jamani watu wa Kariakoo, farasi mmemgeuza bata? Hapa hulimwa mpunga. Ukishavunwa, panaachiwa vyura." Godbless akamuuliza mbona hakutuambia. Akajibu, "Niwaambie saa ngapi? Siku ile mlipita kama mnadaiwa salamu."

Siti alitaka kutupa nafasi juu kwake, lakini muhogo ulikuwa bado haujang'olewa, nasi tukaogopa farasi wasije wakala majani yale yakawadhuru. Tukakubaliana tuwapandishe kilimani wiki inayofuata. Huku chini, usubi ulitanda kila jioni kama moshi. Beno alikoka moto, kuni mbichi zikagoma. Chanjo uliyokuwa ukiiulizia kabla hujaondoka hatukuipata.

Jumamosi Tausi akakataa kula. Juu ya macho palivimba na pumzi ikawa nzito. Daktari wa mifugo alifika, akasema ni ule ugonjwa wa farasi unaoletwa na usubi, na kwamba hauna dawa. Godbless hakurudi mjini. Nilipofika asubuhi nilimkuta amesimama kwenye maji na viatu vyake vya dukani, amemshikia Tausi mwavuli. Povu lilikuwa linamtoka puani. Hakuteseka muda mrefu baada ya hapo. Nakuambia hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona, si kwa ajili ya kukufariji.

Tulianza kuchimba palepale bondeni. Shimo likajaa maji kabla halijafika magotini. Siti akasema, "Mleteni juu." Aling'oa mistari miwili ya muhogo wake, na vijana wa kijiji wakamvuta Tausi kwa kamba. Amelala kilimani, pakavu, pale pale tulipopungiwa mkono.

Godbless amebadilika. Juzi Idrisa, yule mpangaji wa harusi, alikuja dukani kumuulizia Tausi kwa ajili ya harusi ya mpwa wake. Msafara uanzie Mnazi Mmoja, na bwana harusi hataki kusikia habari ya gari. "Yule mweupe yupo?" Godbless akasema yupo shamba. Idrisa akacheka, "Mpe salamu zangu, mwambie asinenepe sana." Kaka aliendelea kupanga ndoo. Akazipanga, akazipangua, akazipanga tena.

Sasa lipo jambo linalokuhitaji wewe. Siti amesafisha upande mmoja wa kilima, Kamanda yuko huko, amezungushiwa uzio wa mbao asifikie muhogo. Kwato zilikuwa zimelainika, sasa zinakaza. Godbless anataka kumuuza kwa mtu wa Bagamoyo mwenye biashara ya kupandisha watalii ufukweni, na shamba alitoe kwa wakulima wa mpunga. Anasema hawezi tena kutazama mnyama. Siti kwa upande wake yuko tayari kutuuzia kilima. Hakina barabara wala sura, majani yake ni magumu na ya kahawia, lakini mvua ikikatika, ukimaliza tu kikombe cha chai unatembea na viatu vikavu. Mtu wa Bagamoyo anakuja mwisho wa mwezi. Nimemwomba kaka asiseme neno mpaka lako lifike, amekubali. Kamanda ni wako. Useme wewe.

Zile shanga za harusi za Tausi nimeziosha, ziko kwenye sanduku la Mama.

Nilipomuuliza Mama ana ujumbe gani, nilidhani ataongelea shamba. Kumbe sivyo. Anaogopa kwamba ulikuwa unarudi kwa ajili ya farasi, na kwamba sasa hutakuwa na sababu. Ameniambia niandike hivi: "Mwambie aje, hata kama hakuna wa kumpanda."

Kaka Godbless anakusalimu. Alitaka kuongeza mstari wake hapa chini, akaishika kalamu, akanirudishia. Shangazi Theopista na watoto wake wanakusalimu pia, na Beno anakupa pole. Mungu akulinde kazini, akupe usingizi siku ya leo, na akurudishe kwetu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nice