Waliingia Wawili Kibandani

Mpendwa mshauri, nisome mpaka mwisho kabla hujasema ni uchungu wa mjane, maana dada yangu ameshanisemea hivyo nikanyamaza, lakini moyo umekataa kunyamaza.

Marehemu mume wangu alikuwa mpiga picha wa filamu za wanyama, kazi iliyompeleka kwenye barafu, jangwani na kwenye misitu ya nchi ninazozijua kwa ramani tu, na kila akirudi alikuwa ananong'ona siku mbili tatu kwa mazoea ya kujificha, hata mezani atanong'ona "niongezee chai," na binti yetu anamjibu kwa sauti kubwa, "Baba, hapa hakuna ndege wa kukimbia!" Miezi minne iliyopita alisafiri na mwenzake wa miaka mingi, tunamwita Fundi Sauti kwa sababu ndiye anayerekodi sauti, wakampige picha korongo anayeatamia, na huko mume wangu akafariki ndani ya kile kibanda cha turubai wanachojifichia, daktari akasema ni moyo.

Fundi Sauti alilia msibani kuliko ndugu wa damu. Akaniambia, "Shemeji, mimi nilikwenda mjini tangu jana yake kufuata betri, nimerudi jioni nikamkuta ameinamia kamera." Nikamwamini.

Sasa wiki iliyopita ndiyo nimepata nguvu ya kufua koti lake, nikakuta kadi ya kamera kwenye mfuko wa ndani, iliyojaa, ameiandika tarehe ya siku ile ile kwa mwandiko wake wa kulala kushoto, nikaiweka kwenye kompyuta, nikamwona korongo anarudi kiotani ametulia, jua la asubuhi bado liko chini, halafu nikamsikia mume wangu anakohoa kidogo, nikazima.

Usingizi ukapotea, mshauri, kwa sababu nilikumbuka alichonieleza tukimenya viazi, kwamba ndege akimwona mtu anaingia kibandani harudi kiotani mpaka amwone ametoka, kwa hiyo wanaingia wawili, mmoja anatoka anaondoka waziwazi, na ndege kwa kuwa hajui kuhesabu anadhani hakuna mtu, wala hawalali humo wala hawaingii gizani, maana akishtuka usiku ataacha mayai yapoe. Nilimcheka, nikamwambia, "Kumbe mnamdanganya mama wa watu!" Sasa asubuhi ile nani alitoka? Walikuwa wawili tu kambini.

Nilimpigia Fundi Sauti nikamuuliza kijuujuu kama kadi zote zilirudi. Akasema, "Kwani umeona kadi, shemeji? Usiifungue, nitaipitia mwenyewe." Tangu hapo amepiga mara tatu, na Jumamosi anakuja. Je, nimpe tu niwe na amani, au niende polisi?

Mama wa binti mmoja

*

Mama wa binti, pole sana. Dada yako akikuambia tena ni uchungu, mwambie uchungu haujui kuhesabu, na wewe umehesabu vizuri. Huyo bwana alikuwepo asubuhi ile, na amekudanganya.

Lakini kwa nini amekudanganya, hapo hujui, na mimi sijui. Huenda mumeo aliamka kifua kinambana, akasema "twende tu, mayai yanaanguliwa leo," na rafiki yake akamsindikiza kibandani badala ya hospitali, na tangu siku hiyo hana uso wa kukutazama. Huenda kuna jambo baya kuliko hilo. Jibu unalo ndani ya nyumba, na umelizima kwa sababu ya kikohozi! Hapo nakugombeza. Unamshuku mtu mchana na usiku, lakini unachokiogopa hasa ni sauti ya mumeo.

Kadi usimpe. Leo hii, kabla hujapika, nenda kwa fundi wa kompyuta akutolee nakala mbili, moja iende kwa kaka wa marehemu. Kisha itazame yote, mwanzo mpaka mwisho, dada yako akiwa pembeni na binti akiwa shule. Ukilia, simamisha, unawe uso, endelea.

Ukisikia humo jambo la kutisha, nenda polisi na kadi yenyewe. Maneno yako peke yake watayaita mawazo.

Usiposikia la kutisha, Jumamosi mkaribishe, na kaka wa marehemu awe amekaa sebuleni kabla yake. Usimwite muuaji, usimwonyeshe kadi. Muulize moja tu: "Shemeji, asubuhi ile nani alitoka kibandani?" Kisha funga mdomo. Akianza kulia, usimkimbilie na "basi, nimekusamehe," maana nakuona ulivyo mpole. Msamaha utakuja baada ya maelezo, tena ukitaka wewe.

Ndege hajui kuhesabu. Wewe unajua. Waliingia wawili, akatoka mmoja, na huyo aliyetoka amekaa miezi minne na maneno ya mwisho ya mumeo. Ni yako. Yadai.