Kovu Ndani ya Figo za Ilhan

Mpendwa Eedo Ramlo, assalamu alaykum, nakuita eedo kama ambavyo ningemwita dada wa baba yangu, maana sina shangazi mwingine ninayeweza kumwambia haya, naomba unisaidie kabla sijazika mtoto. Binti yangu Ilhan ana miaka saba, alianza kuvimba uso kila asubuhi, na huku kwetu mtoto akijaa mashavu watu husema mashallah, maziwa ya ngamia yamemkubali, hata mimi nilifurahi, nikamsomea dua asipatwe na jicho la hasidi, mpaka miguu nayo ikajaa na mkojo ukawa na povu kama maziwa yanapokamuliwa, ndipo nikampeleka Garissa.

Huko muuguzi mmoja Mborana, Gumato, alinieleza kwa upole: "Mama, mwili uko na askari wake, ni chembe ndogo za damu. Askari wa Ilhan wamekosea, wameingia kwa figo wanapigana na figo yenyewe. Hii dawa inawatuliza. Usiache hata ukiona amepona." Nikaitikia sawa. Uvimbe uliisha, lakini mvua ziliponyesha Ilhan akashikwa na homa na kikohozi, na mimi, Eedo, mtoto wa wafugaji, nikajiuliza, ni nani huwalaza walinzi wakati fisi yuko nje ya zizi? Nikaacha dawa ili askari waamke wamtetee, vidonge nikavitupa chooni na sikumwambia mtu.

Homa ilipita, uvimbe ukarudi mkubwa kuliko wa kwanza, mama mkwe akaleta mzee anayetibu kwa kuchoma, akamgusa tumboni na kijiti cha moto, Ilhan akawa analia akiniita mimi, na mimi ndiye niliyekuwa nimemshika miguu. Niliporudi Garissa daktari alisikitika, akasema dawa imeshindwa na huenda figo zimeanza kufanya makovu, anataka kuingiza sindano atoe kipande cha figo akipime, kisha ampe dawa kali zaidi, nami sikusema kwamba dawa sikumpa. Niliomba turudi nyumbani tukashauriane. Sasa mama mkwe anasema, "Wallahi hao wanataka kuiba figo, kesho kutwa achomwe tena, safari hii mgongoni," na baba Ilhan, ambaye yuko mbali akichunga ngamia, amesema kwa simu, "Usitoke na huyo mtoto mpaka nirudi." Jana Ilhan alikojoa kidogo sana, na leo ameamka na joto. Nimtii nani? Na makovu hayo yanafutika?

Mama Ilhan, Diff

Mama Ilhan, wa alaykumu salaam. Simu uliyonitumia barua hii leo alfajiri haishiki tangu asubuhi, ndiyo maana naisoma hapa redioni badala ya kuisubirisha zamu. Jina la mtoto na la mji nimeyabadilisha. Wewe utajijua.

Nililia pale uliposhika miguu, kisha nikakasirika. Si mjinga wewe, ila ulimsikiliza Gumato nusu. Nimemuuliza daktari wa figo za watoto, akaniambia mtoto wa namna hii akishikwa na homa hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, na daktari ndiye anayeamua dawa ipungue au iongezwe. Kuikata ghafla pekee kunaweza kumwangusha. Wewe ulijipa udaktari ukiwa jikoni kwako.

Umesema wewe ni mtoto wa wafugaji, basi sikiliza. Walinzi wakifyatua risasi ovyo ndani ya zizi, fisi atakwenda zake, na watakaolala chini ni mbuzi wako. Chembe za kinga zikijazana kwenye figo hutoa kemikali zinazoiumiza, kisha mwili unaleta nyuzi za kovu kuziba palipoumia, ukidhani unatibu. Mtazame mtu yeyote mzima aliyechomwa tumboni akiwa mdogo. Ngozi ilipona, lakini pale hapatoki jasho wala hapaoti nywele. Na figo ikishika kovu, pale hapachuji tena.

Umeuliza kama yanafutika. Sitakudanganya, mwanangu. Kovu lililokomaa halifutiki, na huenda Ilhan amekwisha kupoteza sehemu ambayo haitarudi. Kilichobaki ndicho tunachokigombania, na kinapungua ukiwa umekaa hapo unasikiliza redio.

Mama mkwe mheshimu, mpikie, lakini asimguse huyo mtoto na moto. Ugonjwa huu unadhoofisha kinga, maana sehemu yake huvujia kwenye mkojo, na kidonda kimoja kikiingia uchafu kinaweza kumuua kabla figo hazijamuua. Hicho kipande anachotaka daktari ni chembamba kama uzi wa kushonea. Hakuna anayeiba figo kwa uzi. Una haki ya kuelezwa kila kitu kabla ya kukubali, kwa hiyo uliza, na uulize tena.

Nimtii nani, umesema. Mtoto mwenye joto asiyekojoa vizuri hangoji ngamia warudi. Mbebe sasa hivi mpaka zahanati ya hapo, wamtazame homa na waombe gari la wagonjwa. Likikosekana, panda lolote linaloshuka Garissa, hata la miraa linalorudi tupu. Mumeo mpigie ukiwa njiani, si kabla. Atafoka, na hasira ya mume hupoa.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna wa kukufanyia. Daktari anaamini dawa yake ilishindwa, na kwa sababu ya kimya chako anajiandaa kumpa mwanao dawa kali ambayo pengine haihitaji. Mficha maradhi kilio humfichua, na hicho kilio kitakuwa chako. Ukifika mlangoni kwake, kabla hujaketi, kabla hajauliza, sema: "Daktari, dawa haikushindwa. Niliiacha mimi."